Babu mkulima, mwanamgambo wa 1776: uanzie faili la pensheni, orodha za jeshi au hati za shamba?

Ukiandika jina kama John Davis kwenye tovuti yoyote kubwa ya nasaba ya Marekani, ukasema unamtafuta aliyepigana vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vya 1775 hadi 1783, watakuja akina John Davis wa kila koloni. Wa Virginia watakuwepo, wa Pennsylvania watakuwepo, na kila mmoja ana vitukuu wanaoapa kwamba huyo ni wao. Kumpata mwanajeshi si kazi. Kazi ni kujua yupi kati yao ndiye babu wa mkeo.

Ulinganisho huu ni kwa wenzetu wenye mwenzi, wakwe au watoto wenye damu ya huko, ambao familia imewatupia jukumu la kutafuta kwa sababu "wewe ndiye unayependa mambo ya ukoo". Msimamo wangu niuweke mezani mapema: kwa mkulima aliyekuwa mwanamgambo, shamba ndilo linalomtambulisha askari. Orodha za jeshi zina majina, na majina ya zama zile yalikuwa machache kuliko watu. Lakini simaanishi kila mtu aanze na hati za shamba. Pa kuanzia panategemea alikufa lini na aliishi wapi, kwa hiyo hayo mawili yatafute kwanza, hata kwa kukisia.

Alikuwa askari wa namna gani

Kulikuwa na jeshi la kudumu chini ya George Washington, lenye watu walioandikishwa kwa miaka au mpaka vita viishe. Na kulikuwa na mgambo. Mwanamgambo alikuwa mkulima, basi. Sheria ya kwao ilimtaka, tangu miaka 16 au 18 hadi 50 au 60 kutegemea mahali, awe na bunduki yake na ajitokeze siku za mazoezi. Adui akikaribia, kombania ya mtaa wao inaitwa, wanatoka kwa wiki chache au miezi miwili mitatu, kisha wanarudi kuvuna. Mwaka unaofuata wanaitwa tena, pengine chini ya kapteni mwingine. Mtu mmoja aliweza kutoka zamu nne au tano, na kila zamu ikaacha karatasi yake, au isiache kabisa.

Karatasi zenyewe nazo zimepata misukosuko. Ofisi za Wizara ya Vita ziliungua tarehe 8 Novemba 1800, na Waingereza walipouchoma mji wa Washington mwezi Agosti 1814 nyingine zikapotea. Ndiyo maana kukosa jina la babu kwenye orodha ya taifa hakuthibitishi kwamba alibaki nyumbani.

Faili la pensheni: hakuna linalolizidi, ikiwa alifika 1832

Bunge la Marekani lilitoa pensheni kwa awamu. Sheria ya 1818 iliwahusu waliotumikia jeshi la kudumu angalau miezi tisa au mpaka mwisho wa vita, na ambao ni wahitaji. Waombaji wakafurika, na mwaka 1820 serikali ikadai kila mmoja aorodheshe mali yake mbele ya mahakama. Ndimo anamopatikana Joseph Plumb Martin, askari wa Connecticut aliyehamia kulima Maine, akitaja ng'ombe wawili, kondoo sita na nguruwe mmoja. Mwanamgambo wa kawaida, mwenye zamu zake za miezi miwili miwili, sheria hiyo ilimpita kando.

Mlango wake ulifunguliwa tarehe 7 Juni 1832. Sheria mpya haikuuliza umaskini, na utumishi wa mgambo ulihesabiwa. Zamu zako zote zikijumlishwa zikafika miezi sita, unapata sehemu. Zikifika miaka miwili, unalipwa mshahara kamili kila mwaka hadi kufa. Askari wa kawaida wa miezi sita alipata dola 20 kwa mwaka. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1777 sasa alikuwa mzee wa miaka 73.

Wazee wengi hawakuwa na hati yoyote mkononi, hivyo walitakiwa kwenda mahakamani na kusimulia. Wizara ya Vita ilikuwa imepanga maswali ya kuwauliza. Ulizaliwa wapi, mwaka gani? Una maandishi yoyote ya umri wako, na yako wapi? Ulipoitwa ulikuwa ukiishi wapi, umeishi wapi tangu vita, na sasa unaishi wapi? Ulichukuliwa kwa lazima, ulijitolea, au ulikwenda badala ya mtu, na kama ni hivyo, badala ya nani? Unawakumbuka maofisa gani? Ulipewa hati ya kuachishwa? Nani hapa mtaani anaweza kukushuhudia? Baada ya hapo mchungaji na jirani wanaapa kwamba wanamfahamu mzee huyu, na kwamba pale anapoishi watu wanaamini alipigana.

Swali la tatu ndilo dhahabu. Sijui karatasi nyingine ya zama zile inayomtaka mkulima wa kawaida ataje kwa mdomo wake kila mahali alipowahi kuishi. Mzee akisema alizaliwa Maryland, akaitwa vitani akiwa North Carolina, baada ya vita akahamia Tennessee na sasa yuko Indiana, amekupa majimbo manne ya kwenda kufungua madaftari. Bila sentensi hiyo ungekaa Indiana miaka ukijiuliza katokea wapi.

Kama alikufa mapema lakini mkewe akaishi, usikate tamaa. Sheria ya 1836 iliwaruhusu wajane walioolewa kabla utumishi wa mume haujaisha, ya 1838 ikaongeza walioolewa kabla ya 1794, na sheria zilizofuata zikalegeza hadi tarehe ya ndoa ikaacha kuwa kikwazo. Mjane wa mwisho aliyelipwa, Esther Damon wa Vermont, alifariki mwaka 1906, zaidi ya miaka 120 baada ya vita kwisha. Aliolewa akiwa binti na mumewe akiwa mkongwe. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa, na wapo waliochana ukurasa wa Biblia ya familia wenye tarehe za kuzaliwa watoto wakaupeleka Washington. Kurasa hizo bado zimo mafailini. Kwa hiyo kati ya faili la askari na la mjane, ukiwa na bahati ya kuchagua, la mjane ndilo litakalokupa watoto. La mzee aliyeomba mwenyewe mara nyingi halimtaji hata mmoja.

Kila faili lina herufi: S ni la askari aliyeomba akiwa hai, W la mjane, R lililokataliwa. Watu wanaruka R kwa kudhani aliyekataliwa alikuwa mwongo. Wengine walikataliwa kwa sababu walitumikia miezi mitano badala ya sita, au kombania yao haikuhesabika kuwa kikosi rasmi. Simulizi yao ni ileile, na pengine ndefu zaidi, maana walirudi kujitetea.

Udhaifu wake ni kumbukumbu. Mzee anaeleza mambo ya zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Anachanganya miaka, anamweka jenerali kwenye vita ambavyo hakuwepo. Jina la kapteni wake, ambaye alikuwa jirani yake, huwa analishika vizuri kuliko tarehe. Waliozaliwa kabla ya 1752 wana jambo la ziada: Uingereza na makoloni yake ilibadili kalenda mwaka huo, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ikipishana kwa siku 11 kati ya karatasi mbili, usiwagawe kuwa watu wawili.

Mafaili haya, kama 80,000, yako Nyaraka za Taifa za Marekani na picha zake zinapatikana bure kwenye katalogi yao. Tangu 2023 watu wa kujitolea wanayanakili kwa chapa ili yatafutike. Tovuti ya nasaba ya Fold3 inayo pia, kwa kulipia. Kwa babu wa kusini, yaani Virginia, Carolina zote mbili na Georgia, kuna hazina ya bure mtandaoni iitwayo Southern Campaigns yenye maelfu ya simulizi zilizokwisha kuchapwa, na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kutafuta jina la babu ndani ya mafaili ya watu wengine. Aliyekosa pensheni yake mwenyewe anaweza kuonekana akimshuhudia jirani. Tahadhari moja: mikusanyo mingine ya maktaba ina kurasa zilizochaguliwa tu kutoka kila faili. Ukiona kurasa nane au tisa safi zenye mambo muhimu, tafuta toleo zima.

Kadi za utumishi: haraka, kavu

Miaka ya 1890 Wizara ya Vita ilianza kuchukua orodha zilizosalia, za askari na za malipo, na kunakili kila jina kwenye kadi. Kadi za mtu mmoja, au wanaodhaniwa kuwa mtu mmoja, zikawekwa kwenye bahasha moja. Utapata jina, cheo, kapteni, rejimenti, mwezi, labda kiasi alicholipwa. Hutapata umri, mke wala kijiji.

Kwa askari wa jeshi la kudumu ni pa kuanzia pazuri. Kwa mgambo zina mapengo makubwa, kwa sababu kombania nyingi za mitaani orodha zao hazikufika serikali kuu kamwe. Mimi ningezitazama kwa jioni moja, ningechukua jina la kapteni kama lipo, ningefunga.

Karatasi za majimbo: hapa ndipo mgambo alipo, na kila jimbo lina desturi yake

Mgambo ulikuwa wa jimbo, na jimbo ndilo lililolipa. Ubora wa unachopata unategemea mpaka aliouishi ndani yake, na tofauti ni kubwa mno.

Massachusetts ni raha. Jimbo lilichapa kati ya 1896 na 1908 majuzuu 17 ya majina kwa alfabeti, na yote yanasomeka bure mtandaoni. Kila mstari unataja mji, kapteni, kanali na siku. Utakuta mkulima aliyetoka tarehe 19 Aprili 1775, siku ya mapigano ya Lexington na Concord yaliyofungua vita, akahesabiwa siku chache akarudi nyumbani. Wahariri hawakujaribu kuunganisha: mtu mmoja anaweza kuwa na mistari mitatu, na mstari mmoja unaweza kuwa wa mtu usiyemtaka. Mji ndio unaokuokoa, maana New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, miji ilitunza vizazi, ndoa na vifo tangu zamani.

Pennsylvania inadanganya kwa wingi wake. Sheria ya Machi 1777 iliwaandikisha wanaume wa miaka 18 hadi 53 na kuigawa kila kombania katika makundi manane yaliyoitwa kwa zamu. Orodha zilizochapwa zimejaa majina ya watu waliokuwa *wanaweza* kuitwa. Wengine walilipa faini, wengine walituma mtu, wengine zamu yao haikufika. Ukiona jina pale, unajua alikuwa mkazi wa mahali pale na umri wake ulikuwa ndani ya mipaka. Kwamba alipigana, tafuta orodha ya malipo ya zamu halisi.

North Carolina na South Carolina zina vocha, yaani vyeti vya malipo, na hesabu za madai. Vocha ya North Carolina mara nyingi ni kipande kifupi: jina, kiasi, na wilaya kama Salisbury au Hillsborough. Hesabu za South Carolina zinaweza kuwa nene, na idara ya nyaraka ya jimbo hilo imeziweka mtandaoni bure. Humo unamkuta mkulima akidai siku zake za farasi na nyama aliyowapa askari.

Virginia nayo ina madai ya vifaa, yaliyopo Library of Virginia mjini Richmond: mahindi, ng'ombe, majani ya farasi vilivyochukuliwa na jeshi hasa 1780 na 1781, mkulima akapewa cheti na baadaye mahakama ya kaunti ikasikiliza madai. Kwa mkulima ambaye pengine hakufyatua risasi hata moja, cheti cha ng'ombe mmoja ndicho utumishi wake, na vyama vya wazao wa watu wa vita hivyo vinakikubali.

Hapa nivunje hadithi moja inayosimuliwa karibu kila familia: "babu alipewa shamba kwa kupigana." Ardhi ya zawadi kwa kawaida ilikwenda kwa jeshi la kudumu. Georgia ilikuwa na mkono wazi zaidi kwa mgambo, na bahati nasibu zake za ardhi za 1820 na 1827 ziliwapa maveterani nafasi za ziada. Kwingineko, mwanamgambo alisubiri hadi sheria ya shirikisho ya 1855, iliyotoa ekari 160 kwa aliyetumikia angalau siku 14 au aliyeshiriki pigano, na wakati huo wengi waliodai walikuwa wajane. Kama babu alikuwa na shamba mwaka 1785, uwezekano mkubwa alinunua, alirithi, au aliomba ardhi ya jimbo na kulipia kama jirani zake.

Hazina ya DAR: njia ya mkato yenye mashimo

Daughters of the American Revolution, chama kilichoanzishwa mwaka 1890, kina hazina ya mababu waliokwisha kuthibitishwa na wanachama wake. Kutafuta ni bure. Ukimkuta babu, unaona jimbo, cheo, tarehe, majina ya wake, na mtoto ambaye mwanachama fulani alipitia. Nakala ya ombi zima unalipia. Hakuna kinachokuokolea muda kama hiki pale ambapo binamu wa mbali alishafanya kazi.

Lakini maombi ya zamani yalipitishwa kwa ushahidi ambao leo usingepita. Chama chenyewe kinajua; baadhi ya mababu wana tangazo kwamba mwombaji mpya lazima athibitishe upya utumishi au nasaba. Wako waliopewa utumishi wa mtu mwingine mwenye jina lao. Kwa hiyo mimi huichukua hazina hii kama fununu nzuri: inanionyesha kaunti na mke, kisha narudi kwenye karatasi za awali. Miti ya ukoo ya watumiaji kwenye Ancestry na kwingineko iko hatua kadhaa chini ya hapo. Watu hamsini wakinakiliana kosa moja, bado ni kosa moja.

Lengo lako likiwa ni uanachama, mke au binti akitaka kujiunga, anza hapa hata kabla ya pensheni, ujue ni vizazi vipi vinakubalika tayari na vipi utavigharamia mwenyewe.

Hati za shamba: polepole, na ndizo zinazoamua

Sasa turudi kwa John Davis wetu. Kaunti moja, mwaka 1781, ina akina John Davis watatu. Mmoja ameandikwa mkubwa na mwingine mdogo. Zama zile hiyo ilimaanisha tu yupi ana umri mkubwa pale mtaani, wala hawakulazimika kuwa baba na mwana. Faili la pensheni linasema John Davis alitumikia chini ya kapteni fulani. Yupi?

Kombania ya mgambo ilikusanywa kutoka mtaa mmoja, na kapteni alikuwa jirani mwenye shamba kubwa kidogo au mdomo mkubwa kidogo. Kaunti nyingi za kusini ziliitumia mipaka hiyohiyo kukusanya kodi. Fungua daftari la kodi la North Carolina au Georgia la miaka ile na juu ya ukurasa unakuta kichwa: wilaya ya Kapteni fulani. Chini yake wakulima, ekari zao, mara nyingine na farasi wao. John Davis mwenye ekari 200 aliye chini ya kichwa chenye jina la kapteni wa kwenye pensheni ndiye wa kufuata. Yule wa ng'ambo ya kaunti, chini ya kapteni mwingine, mwache kwanza. Hakuna programu itakayokufanyia kazi hiyo. Ni kufungua karatasi mbili kwa pamoja na kulinganisha majina ya majirani.

Virginia haina sensa ya 1790 iliyosalia, lakini madaftari yake ya kodi ya mali yanaanza 1782 na yanakwenda mwaka hadi mwaka. Unaweza kumfuata mtu akiongeza ng'ombe, akiuza farasi, akiandikwa pamoja na kijana aliyefika umri wa kutozwa kodi, kisha siku moja haonekani na badala yake yupo mjane. Hapo umepata mwaka wa kifo bila kaburi.

Halafu kuna hati za kuuziana ardhi. Makoloni mengi yalipima kwa alama: anzia mwaloni mweupe kwenye kona ya mtu fulani, nenda kaskazini nguzo 80 hadi kijito, fuata kijito hadi mpaka wa mtu mwingine. Nguzo moja ya kipimo hicho ni futi 16 na nusu. Chora mpaka huo kwenye karatasi, uchore na wa majirani wanaotajwa, na shamba linakaa mahali pake. Wanaotajwa kwenye kona ndio uliowaona kwenye orodha ya kombania. Mke naye anajitokeza, kwa sababu sheria ya majimbo mengi ilimtaka aachilie haki ambayo angekuwa nayo kwenye ardhi hiyo akifiwa na mume. Kwa hiyo hati ya kuuza ndiyo mara nyingi inayokupa jina lake la kwanza. Hati zingine ziliandikishwa miaka mingi baada ya kuuziana, usiishie kutafuta mwaka ule tu.

Mirathi ndiyo ya mwisho na inafunga mnyororo kwa watoto. Wasia unawataja, asipoacha wasia, kuna orodha ya mali na mgawanyo. John Parker, mkulima aliyeiongoza kombania ya Lexington asubuhi ile ya Aprili 1775, alikufa kwa kifua kikuu Septemba mwaka huohuo. Mtu kama yeye hakuishi kuomba pensheni ya aina yoyote, na nyaraka za mji na za mirathi ndizo zinazobaki kumweleza.

Katika kombania hiyohiyo alikuwemo Prince Estabrook, mtumwa, na alijeruhiwa siku ile. Ukimtafuta babu mweusi aliyepigana, na makadirio ya kawaida ni kwamba watu weusi wapatao 5,000 walikuwa upande wa wanamapinduzi, ujue kwamba kabla ya uhuru wake huenda jina lake limo kwenye karatasi za mwenye shamba: orodha ya mali ya marehemu, amewekewa thamani kwa pauni, mstari mmoja na ng'ombe. Ni kusoma kunakochoma. Ila ndipo palipo na jina lake, na anayetafuta ukoo huo asiyafungue mafaili ya jeshi pekee.

Udhaifu wa njia ya shamba ni muda na moto. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja, kaunti kadhaa za Virginia zilihamishia vitabu vyao Richmond kwa usalama, na mwaka 1865 Richmond ikaungua. Kwenye kaunti za namna hiyo utaegemea kodi, kwa sababu nakala ilipelekwa jimboni.

Kwa mtazamo mmoja

| Karatasi | Ichague ikiwa | Usiitegemee ikupe |
|---|---|---|
| Faili la pensheni | yeye alikuwa hai 1832, au mjane wake 1836 au baadaye | tarehe sahihi za vita; watoto, kama si la mjane |
| Kadi za taifa | unataka jina la kapteni upesi | umri, familia, mgambo kamili |
| Karatasi za jimbo | alikufa mapema, au alitoa chakula na mifugo | mahusiano ya kifamilia |
| Hazina ya DAR | unataka uanachama, au fununu | ushahidi wa mwisho |
| Kodi, hati, mirathi | jina ni la kawaida, wako zaidi ya mmoja | maelezo ya vita |

DNA sikuiweka. Kutoka mtu wa 1760 hadi leo ni vizazi saba au nane. Binamu halali wa umbali huo wanaweza wasishirikiane chochote kinachopimika, na hakuna kipimo cha mate kinachojua nani alishika bunduki. Kipimo cha ukoo wa kiume tu ndicho kinaweza kusaidia kutenganisha familia mbili zenye jina moja, na hapo unahitaji mwanamume wa mstari huo akubali kupimwa.

Ningechagua vipi

Babu aliyefariki 1838 huko Ohio: pensheni kwanza, bila mjadala, kisha rudi nyuma kwenye kaunti anazozitaja. Angalia pia sensa ya 1840 kama aliifikia, kwani iliwataja wapokea pensheni kwa jina na umri, pamoja na nyumba waliyoishi. Mzee wa pensheni anayeishi kwa mtu mwenye jina tofauti mara nyingi yuko kwa mkwe. Kama alilipwa hadi kufa, kuna hati ya malipo ya mwisho, inayotunzwa nje ya faili la maombi, nayo inaweza kutoa siku halisi ya kifo na warithi.

Babu aliyefariki 1795 huko Massachusetts: majuzuu 17 na kitabu cha mji, ndani ya wiki moja utajua. Aliyefariki 1795 North Carolina: kodi kwanza, upate mtaa na kapteni, ndipo vocha. Ukianza na vocha utakuwa na rundo la vipande vyenye jina sahihi na hujui ni vya nani.

Na kama popote hapatikani, kumbuka si kila mkulima alikuwa upande wa Washington. Wengine walimtii mfalme, wengine walibadili upande kutegemea jeshi gani limepita barabarani mwezi ule. Madai ya watiifu wa mfalme yako Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew. Familia nyingi hazipendi kuyafungua.

Kuhusu gharama: tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure ukijiandikisha, na ina picha za vitabu vingi vya kaunti ambavyo miaka ya nyuma ungevifuata kwa gari; sasa ina hata utafutaji unaosoma mwandiko wa mkono, ingawa majina unayasoma tena mwenyewe. Ancestry na Fold3 zinalipiwa, lakini ulizia maktaba ya umma ya mjini kwenu kabla ya kutoa kadi. Mtafiti wa kukodi ninamshauri kwa jambo moja tu: kitabu ambacho hakijapigwa picha na kiko kwenye mahakama ya kaunti mbali nawe. Umpe kapteni, mwaka na majina ya majirani watatu. Mwambie apige picha ukurasa mzima pamoja na kurasa za kabla na baada. Akikuletea mstari wenye jina la babu peke yake, majirani uliowahitaji watakuwa wamebaki kule kule mahakamani.